Paka Mwenye Mawe ya Mkojo: Juba, Pesa Yako Iende Wapi?

Chakula cha tiba cha paka hakitengenezwi Juba. Kinafika kwa lori kupitia Kampala, Elegu na Nimule, au ndani ya begi la mtu anayeshuka kwenye ndege kutoka Nairobi au Entebbe. Kila gramu imelipiwa safari kabla hujailipia wewe dukani. Kwa mtu aliyeambiwa na daktari kwamba paka wake ana fuwele kwenye mkojo, jambo hili lina uzito mkubwa, kwa sababu aina mbili za chakula zinazotibu tatizo hilohilo, moja kavu na nyingine ya majimaji, zinapishana uzito zaidi ya mara nne.

Pendekezo langu nalitoa mapema. Kwa nyumba nyingi za Juba, chakula cha tiba kikavu kilicholowekwa kwa maji ya nyumbani ndicho kinachompa paka tiba kamili kwa gharama ndogo zaidi. Pakiti za majimaji zina nafasi yake, na nitaieleza. Dagaa, makombo ya samaki na asida havina nafasi kabisa wakati wa tiba. Lakini pesa ya kwanza isiende kwenye chakula chochote. Iende kwenye kipimo.

Kwanza kabisa: je, anakojoa?

Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara kwenye trei yake, analia, anajilamba sehemu za siri na hatoi mkojo, au anatoa tone moja lenye damu, huenda mrija wake umeziba. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba, hivyo fuwele zikichanganyika na ute huweza kuufunga kabisa. Mkojo ukirudi nyuma, figo hushindwa kazi, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo hupoteza mapigo yake. Paka wa namna hii anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3.

Hakuna chakula kinachozibua mrija. Huyu anahitaji daktari siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na usimminye tumbo kujaribu kumsaidia, kwani kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka. Tiba yake ni usingizi wa dawa, katheta, dripu na siku kadhaa za uangalizi, na hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote utakazozisoma hapa.

Sudan Kusini ni nchi ya ng'ombe, na madaktari wake wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kwa hiyo piga simu leo, paka akiwa bado mzima, umuulize daktari unayemtegemea swali moja: "Daktari, una katheta ya paka dume?" Ni nyembamba sana, kipenyo chake ni kama milimita 1.2, na si kila kliniki inayo. Akisema hana, muulize nani anayo. Jibu hilo ni la bure leo, na usiku wa dharura litakuwa na thamani kubwa.

Kipimo kabla ya mfuko

Si kila paka anayekojoa kwa shida ana mawe. Kwa paka walio wengi wenye dalili hizi, kibofu kimevimba bila sababu inayoonekana, na msongo wa mawazo huchangia: kuhama nyumba, mbwa mpya uani, paka wengine wanaogombania eneo. Wengine wana mawe. Na paka mzima kabisa anaweza kuwa na fuwele chache kwenye mkojo bila kuhitaji tiba yoyote.

Mawe yenyewe ni ya aina mbili kuu, na tofauti yake ndiyo inayoamua kama chakula kitasaidia. Struviti hutengenezwa na magnesiamu, amonia na fosfeti, nayo hupenda mkojo usio na asidi ya kutosha. Mawe ya struviti huyeyuka kwa chakula. Oksaleti ya kalsiamu haiyeyuki kwa chakula cha aina yoyote. Mawe yake hutolewa kwa upasuaji au njia nyingine za kitabibu, kisha lishe husaidia yasirudi. Mtu anayenunua chakula cha kuyeyusha mawe bila kujua ni mawe gani anaweza kulipa miezi mitatu kwa jiwe lisilopungua hata kidogo.

Kipimo cha msingi Juba hakihitaji mashine kubwa. Darubini iliyopo kwenye maabara yoyote inayopima malaria inatosha kuonyesha fuwele. Ukimwomba fundi wa maabara akuruhusu kuchungulia, struviti utaziona kama miche mirefu isiyo na rangi, ncha zake zimechongwa kwa mshazari. Oksaleti ya kawaida ni mraba mdogo wenye alama ya X inayong'aa katikati. Mkojo uwe mbichi, upimwe ndani ya nusu saa hadi saa moja. Ukiuweka kwenye friji, au ukiuacha ukae, fuwele zinaweza kujitengeneza ndani ya kichupa na kukupa jibu la uongo. Ili kuupata mkojo wenyewe, osha trei, ikaushe, iache bila mchanga, kisha nyonya mkojo kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Vijiti vya kupimia mkojo vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa ya binadamu vinasaidia kwa kiasi. Kipande cha pH na cha damu vinafaa kwa paka. Kipande cha chembe nyeupe za damu na kile cha uzito wa mkojo si vya kuaminika kwa paka, kwa hiyo usinunue antibiotiki kwa sababu ya rangi ya kipande hicho.

Kama daktari anaweza kupata eksirei au ultrasaundi, ilipie. Mawe ya struviti na ya oksaleti yote huonekana kwenye eksirei, na picha ya kwanza ndiyo itakayokuonyesha baadaye kama jiwe limepungua. Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na ACVIM, chama cha madaktari bingwa wa wanyama cha Marekani, unapendekeza mawe yanayodhaniwa kuwa struviti yajaribiwe kuyeyushwa kwa chakula kabla ya kukimbilia kisu, mradi paka hajaziba.

Hesabu: gramu kwa siku, si bei ya mfuko

Tangu bomba la mafuta linalopita Sudan liharibike Februari 2024, pauni ya Sudan Kusini imeshuka vibaya, na bei ya bidhaa za nje ikiandikwa leo huenda wiki ijayo isiwe yenyewe. Kwa hiyo nimeweka ulinganisho kwa gramu na siku. Bei utaisoma mwenyewe kwenye rafu na kuiingiza.

Nachukua paka mzima wa kilo 4 anayehitaji nishati ya takriban kilokalori 220 kwa siku.

| Njia | Kwa siku | Kwa mwezi | Maji yaliyomo kwa siku |
|---|---|---|---|
| Kikavu cha tiba | gramu 60 | kilo 1.8 | mililita 5 |
| Kikavu cha tiba na maji ya nyumbani | gramu 60 na mililita 180 | kilo 1.8 | mililita 185 |
| Pakiti moja na kikavu | gramu 85 na gramu 40 | pakiti 30 na kilo 1.2 | mililita 70 |
| Pakiti za tiba pekee | pakiti 3 za gramu 85 | pakiti 90, kilo 7.7 | mililita 200 |

Kila kampuni hupishana kidogo, hivyo fuata jedwali lililo nyuma ya mfuko na uzito ambao paka wako anatakiwa kuwa nao. Lakini sura ya hesabu haibadiliki. Tofauti kati ya kilo 1.8 na kilo 7.7 ni karibu kilo 6, na karibu zote ni maji. Mtu anayeagiza pakiti 90 kutoka Nairobi analipia usafiri wa maji ambayo Juba yangeingia kwenye sehemu ndogo ya jerikani moja la lita 20.

Kwenye rafu tumia kanuni hii. Mfuko wa kilo 1.5 unatosha siku 25, na siku 25 za pakiti ni pakiti 75. Gawa bei ya mfuko kwa 75. Pakiti moja ikizidi jibu hilo, kikavu ni nafuu. Kwa namba za mfano tu: mfuko ukiwa dola 30, pakiti ingetakiwa kuuzwa senti 40 ili gharama zilingane. Ikiwa pakiti ni dola 2, siku moja ya pakiti ni dola 6 na siku moja ya kikavu ni dola 1 na senti 20.

Kikavu cha tiba na maji ya nyumbani

Vyakula vya tiba vinavyofahamika zaidi ni Hill's Prescription Diet c/d na s/d, Royal Canin Urinary S/O na Purina Pro Plan UR. Vyote vimepunguzwa magnesiamu, na hufanya mkojo uwe na asidi kiasi kwamba struviti haiwezi kukaa. Kwamba punje kavu zinaweza kufanya kazi hii limethibitishwa: Jody Lulich wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake walichapisha mwaka 2013 utafiti wa paka wenye mawe yaliyodhaniwa kuwa struviti waliolishwa chakula kikavu. Kwa s/d mawe yaliyeyuka kwa wastani wa siku 13, kwa c/d wastani wa siku 27.

Weka namba hizo kando ya hesabu yetu. Siku 27 kwa gramu 60 ni kilo 1.6. Madaktari huendelea na chakula kwa wiki kadhaa baada ya picha kuonyesha kibofu kimesafika, kwa hiyo panga mifuko miwili ya kilo 1.5. Hiyo ndiyo tiba nzima ya paka wengi wenye struviti, na inaingia kwenye begi la mkononi la mtu mmoja anayerudi kutoka Kampala.

Ukubwa wa mfuko nao una mtego. Mfuko wa kilo 7 kwa kawaida una bei ndogo kwa gramu, lakini kwa paka mmoja unachukua karibu miezi minne. Kwa joto la Juba, mafuta yaliyomo huchacha mapema. Punje hupoteza harufu, paka huzikataa, na vitamini hupungua. Mfuko uliofunguliwa uishe ndani ya wiki 4 hadi 6. Kwa paka mmoja, kilo 1.5 ndiyo saizi yake. Kwa paka wawili, 3.5. Usimimine punje kwenye ndoo. Zifunge ndani ya mfuko wake, toa hewa, kisha weka mfuko huo ndani ya ndoo yenye kifuniko, mahali penye kivuli. Na kabla hujalipa, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu chakula cha tiba kinatoka polepole madukani na kinaweza kukaa sana kwenye rafu.

Sasa maji. Kwa nini usumbuke kuloweka, ikiwa punje zenyewe zinatibu? Kwa sababu mkojo mwingi na mwepesi hauachi chumvi zikutane na kugandana, na husafisha kibofu mara nyingi zaidi kwa siku. Mwaka 1999 Peter Markwell na wenzake walichapisha ulinganisho wa paka wenye uvimbe wa kibofu usio na sababu, kundi moja likila chakula cha kuongeza asidi cha kopo na jingine kikavu. Ndani ya mwaka mmoja, dalili zilirudi kwa asilimia 11 ya waliokula cha kopo na asilimia 39 ya waliokula kikavu. Paka hao hawakuwa na mawe, lakini funzo kuhusu maji linagusa kibofu cha kila paka. Kwa Juba funzo hilo lina uzito zaidi: Machi 2024 na tena Februari 2025 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto. Joto linalofunga shule linamkausha paka pia.

Namna ya kufanya ni hii. Pima gramu 60 za siku kwa mizani ya jikoni na uzigawe milo minne ya gramu 15. Kila mlo mwagie mililita 45 za maji ya uvuguvugu, yaani vijiko vitatu vya mezani. Subiri dakika kumi. Punje zitavimba, zitalainika, na harufu itapanda. Siku za mwanzo anza na kijiko kimoja cha chai, kisha ongeza taratibu kwa wiki moja hadi mbili, kwa maana paka aliyezoea punje zinazovunjika mdomoni anaweza kukataa uji ghafla. Kisichoisha ndani ya saa moja kitupe. Sisimizi wakikusumbua, weka bakuli ndani ya sahani yenye maji.

Maji yawe yale unayokunywa wewe mwenyewe. Yale ya lori yakiwa bado hayajatibiwa hayamfai paka kama yasivyokufaa wewe. Huna haja ya kununua maji ya chupa kwa kuhofia madini, kwani mchango wa maji kwenye fuwele ni mdogo ukilinganisha na wa chakula. Weka pia mabakuli mawili au matatu ya maji mbali na trei na uyabadilishe asubuhi na jioni.

Paka asiyekula kabisa kwa siku 2, hasa mnene, yuko hatarini kupata ugonjwa wa ini. Kwa hiyo usimwache na njaa ukidhani atasalimu amri. Rudi hatua moja nyuma, changanya chakula kipya na cha zamani, na umwambie daktari.

Pakiti na makopo

Nani alipe zaidi? Paka aliyewahi kuziba, asiyekunywa maji na anayekataa kabisa punje zilizoloweshwa. Kwa huyo, gharama ya pakiti ni ndogo kuliko ya kumzibua mara ya pili. Pia paka mgonjwa anayehitaji kushawishiwa kula, na nyumba ambayo mtu anasafiri Nairobi kila mwezi na nafasi ya begi haimgharimu.

Ukiamua njia hii, angalia umeme wako kabla ya bei. Kopo kubwa huwa na bei nzuri kwa gramu kuliko pakiti ya gramu 85. Lakini kopo likifunguliwa linahitaji friji inayofanya kazi usiku na mchana. Kama jenereta inazimwa saa nne usiku na betri za sola hazifiki asubuhi, nusu ya kopo itaishia kwenye takataka, na unafuu wote unakuwa umekwenda nayo. Pakiti moja ni mlo mmoja. Inafunguliwa, inaliwa, inaisha. Kwa nyumba yenye umeme wa uhakika, kopo. Kwa nyingine, pakiti.

Njia ya katikati ni pakiti moja jioni na punje zilizoloweshwa mchana. Kwa bei zile za mfano, gharama haifiki nusu ya ile ya pakiti tupu, na paka anapata ladha anayoipenda mara moja kwa siku. Sharti ni kwamba vyote viwili viwe vya tiba, na ikiwezekana vya kampuni moja.

Soma jina lote la mfuko

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Royal Canin ina Urinary S/O, ambayo ni ya tiba, na ina Urinary Care, ambayo ni ya paka wazima wanaohitaji tu kutunzwa. Picha zinafanana, neno la kwanza ni lile lile, na bei ya pili ni ya chini. Vivyo hivyo Purina ina chakula cha afya ya njia ya mkojo kinachouzwa bila cheti cha daktari, tofauti na UR. Vyakula hivi si vibaya, na kwa paka aliyekwisha kupona daktari anaweza kukubali kimojawapo. Havikutengenezwa kuyeyusha jiwe. Piga picha ya mfuko umtumie daktari kabla ya kulipa, na mwenye duka akikuambia "vyote ni kitu kimoja", usikubali.

Punje za kawaida za bei nafuu zilizopo supamaketi ni chaguo la paka mzima. Kwa mwenye struviti, hata gramu chache kwa siku juu ya chakula cha tiba huharibu uwiano wa madini ambao umeulipia.

Dagaa, samaki na nyama

Paka wengi wa Juba wamelelewa kwa dagaa. Kikombe cha dagaa katika soko la Konyo Konyo ni rahisi, kina protini, na paka huja mbio akisikia mfuko. Kwa paka mwenye struviti, shida ni kwamba dagaa huliwa mzima na mifupa yake. Ndani yake mna kalsiamu, fosforasi na magnesiamu kwa wingi, na amekaushwa, hivyo haleti maji yoyote. Vichwa na miiba ya sato na sangara ni hivyohivyo. Asida na mchuzi vinajaza tumbo tu.

Nyama au kuku wa kuchemsha bila mfupa anaweza kumshika paka siku mbili tatu wakati mfuko uko njiani. Zaidi ya hapo anapungukiwa kalsiamu, vitamini na taurini. Mwaka 1987 Paul Pion wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alionyesha kwamba upungufu wa taurini unaharibu moyo wa paka, na tangu hapo viwanda huongeza taurini kwenye chakula. Samaki wabichi wa aina kadhaa nao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Na usitegemee mapishi uliyotumiwa kwenye simu: mwaka 2019 watafiti wa Davis walikusanya mapishi 114 ya chakula cha paka cha nyumbani, na kati ya yale yaliyoweza kuchambuliwa, hakuna hata moja lililokuwa na virutubisho vyote kwa kiwango kinachotakiwa.

Kwa hiyo wakati wa tiba, chakula ni kimoja. Waambie watoto, mpishi na majirani. Na mlinzi wa getini, ambaye kwa huruma humgawia paka samaki wake kila mchana, mwambie kwa heshima: "Mzee wangu, huyu yuko kwenye dozi, tafadhali asipewe kitu mpaka apone." Kumfungia paka ndani kwa mwezi mmoja hakugharimu kitu, na ndiko kunakoufanya mfuko ulete faida.

Siki, ndimu na vidonge vya asidi

Ushauri wa kutia siki au ndimu kwenye maji ya paka unasambaa kwa sababu ni rahisi. Usiufuate. Paka huacha kunywa maji yenye siki, na hapo umemwondolea dawa yake kuu. Vidonge vya methionini vina nguvu ya kweli ya kuongeza asidi, na kwa sababu hiyohiyo vikiongezwa juu ya chakula cha tiba vinaweza kuifanya damu yake iwe na asidi kupita kiasi.

Asidi ikizidi ina hatari nyingine. Kituo cha mawe ya mkojo cha Chuo Kikuu cha Minnesota, kilichoanza kazi mwaka 1981, kilipokea miaka ile ya mwanzo mawe ya paka ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa struviti. Watengenezaji walipunguza magnesiamu na kuongeza asidi kwenye vyakula vya kawaida. Struviti zikashuka, oksaleti zikapanda, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 oksaleti zilikuwa zimezipita. Kiasi cha asidi ni kazi ya mtengenezaji na daktari, isiwe ya chupa ya jikoni. Kwa sababu hiyohiyo, usimpe chakula cha tiba paka mchanga, mwenye mimba, au mwenye ugonjwa wa figo au moyo bila daktari kukuruhusu.

Baada ya wiki nne

Rudia kipimo cha mkojo na picha. Mawe ya struviti yakilishwa ipasavyo hupungua waziwazi ndani ya wiki 2 hadi 4. Yasipopungua, na una uhakika paka hakuonja kitu kingine, acha kununua mifuko. Huenda ni oksaleti. Hapo pesa inahitajika kwa upasuaji. Kama Juba haipatikani huduma hiyo, kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala na ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete ni mahali pa kuanzia kuuliza. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na cha afya viandaliwe mapema, kwani barabara ya kutoka Juba hadi Nimule peke yake ni kilomita 192, na mpakani si mahali pa kuanza kutafuta mhuri.

Yakiyeyuka, zungumza na daktari kuhusu chakula cha kudumu. Chakula kama c/d au S/O kinaweza kuendelea kutumika kama kinga, na ndilo chaguo salama kwa dume aliyewahi kuziba. Kwa paka aliyepata fuwele mara moja, bila kuziba, baadhi ya madaktari hukubali chakula cha kawaida chenye ubora, kikiwa kimeloweshwa, pamoja na kupunguza unene na kupima mkojo kila baada ya miezi michache. Hapo gharama hushuka sana, lakini kuloweka hakukomi.

Ukiwa na pesa kidogo, ifuate orodha hii

Kwanza, kipimo cha mkojo mbichi na maoni ya daktari. Pili, mfuko mmoja wa kilo 1.5 wa chakula cha tiba kikavu, kilichotajwa na daktari kwa jina lake lote. Tatu, mizani ndogo ya jikoni, kwa sababu kukadiria kwa macho kunamnenepesha paka na kuumaliza mfuko mapema. Nne, picha ya eksirei au ultrasaundi. Tano, mfuko wa pili. Sita, akiba ya dharura kwa ajili ya katheta, hata kama unaiweka kidogokidogo. Pakiti za majimaji zinakuja baada ya hayo yote, isipokuwa kwa paka wale niliowataja.

Mtu anayejibana asijibane kwenye kipimo wala kwenye akiba ya dharura. Ajibane kwenye uzito wa kile anachosafirisha, aagize punje, na maji ayatie mwenyewe kila mlo, kila siku, hata baada ya paka kuonekana amepona.